Kiti Kitupu Nyuma ya Kaka

Simu ilinikuta Tunduma, nimekaa juu ya tairi la akiba nikingoja foleni ya malori isogee mpakani. Aliyepiga alikuwa binti wa kaka yangu, aliyeolewa Mbarara, Uganda. Hakuzunguka.

"Baba mdogo, baba ameanguka. Kiharusi. Upande wa kulia wote umelala. Niko naye Kigali tangu alipotoka hospitali, lakini nina mtoto mchanga na nyumba yangu nimeiacha. Njoo tafadhali. Wewe huna mke wa kukuzuia."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Nilikuwa na miaka arobaini na kitu, na sikumbuki mji niliokaa hata misimu miwili ya mvua mfululizo. Wazazi wetu walikuwa Wanyarwanda waliokimbilia Burundi. Mimi na kaka tulizaliwa Bujumbura, tukakulia Buyenzi, mtaa ambao hata paka wake wanaelewa Kiswahili. Kaka alirudi Kigali akiwa kijana, akajifunza kupuliza rangi magari, akaoa, akajenga, akafiwa na mke. Mimi nilipelekwa kwa shangazi Kigoma, nikasoma huko hadi kidato cha nne, na tangu hapo miguu yangu haikupata kutulia. Nimekuwa utingo, nimekuwa mlinzi wa ghala, nimewatafsiria madereva mipakani. Kila nilipofika nilikumbuka nilikotoka, na nikirudi nilikotoka sikukuta nilichokikumbuka.

Nililipwa nilichokuwa nadai, nikapanda basi la Mbeya asubuhi hiyo hiyo. Mbeya kulikuwa na ukungu. Iringa tulishuka milima breki zikinuka. Dodoma nilibadilisha basi, na Singida tukapita kwenye yale mawe makubwa yaliyobebana, wanawake wakituuzia mafuta ya alizeti dirishani. Nililala Kahama katika nyumba ya wageni nyuma ya stendi, na siku iliyofuata nikaomba lifti kwenye lori la saruji lililokuwa likienda Rusumo. Darajani niliteremka nikavuka kwa miguu. Maji ya mto Akagera yalikuwa mekundu, yakipiga kelele chini yangu kama siku zote. Askari upande wa pili alinitaka nitoe nguo zangu kwenye mfuko wa plastiki, maana Rwanda imeupiga marufuku. Nikazifunga kwenye shuka, nikapanda basi linalokwenda upande wa kulia wa barabara, tofauti na Tanzania, na njia nzima hadi Nyabugogo, stendi kuu ya Kigali, mguu wangu ulikuwa unakanyaga breki isiyokuwepo kila tulipopishana na gari.

Kutoka Nyabugogo hadi Gatsata ni kupanda kidogo tu. Nyumba ya kaka haikuwa barabarani, ilikuwa chini yake. Unaacha lami na magereji, unashika ngazi zinazoteremka kati ya kuta za watu, nyingine za mawe, nyingine za tairi kuukuu zilizojazwa udongo, mfereji wa maji ya mvua ukiwa pembeni. Gari halifiki. Pikipiki haifiki. Nilipoziona zile ngazi, nikiwa na miguu yangu miwili mizima, ndipo nilipoelewa nimeitiwa nini.

Kaka alikuwa ameketi mlangoni kwenye kiti chenye mito. Ananizidi miaka kumi. Mdomo ulikuwa umeshuka upande mmoja na mkono wa kulia umelazwa mapajani, kiganja juu, kama cha mtu anayeomba.

"Umekonda," aliniambia, polepole. "Huko hawali?"

Binti yake alikaa siku mbili akinionyesha dawa za presha na mahali pa kila kitu. Asubuhi ya kuondoka aliongea mbele ya baba yake, akiwa amesimama, mtoto mgongoni. "Mvua zikiisha nitakuja na gari. Ikiwa baba anaweza kufika barabarani kwa miguu yake, basi, abaki. Ikiwa hawezi, namchukua Mbarara. Siwezi kuishi nikiwaza kwamba moto ukitokea, au akiumwa ghafla, yuko shimoni humu anasubiri watu wa kumtoa."

 Binti alipoondoka ndipo kaka aliponigeukia.

"Unaelewa maana yake? Nikaishi kwa mkwe wangu. Mtu niliyepokea ng'ombe wake wa mahari, anishike suruali chooni."

Nilielewa. Kwetu mkwe unamwamkia kwa mbali, huvai ovyo mbele yake, huli mbele yake ukajilamba vidole. Kaka angekubali kufa kwenye zile ngazi kuliko hilo, na nadhani binti yake alilijua.

Mgonjwa wa Kigali hakosi watu. Walikuja asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi, wenye maziwa, wenye uji wa mtama, wenye soda, wenye maelezo ya nani alimtilia nini kwenye bia. Kila aliyeingia alitaka kufanya kitu. Mmoja anamlisha, mwingine anamgeuza mto, mwingine anamvuta mkono ule mgonjwa kumsalimia, anautikisa kwa nguvu akimhimiza ajikaze, "Komera, muzehe, komera!" Kaka anafumba macho. Jirani wa ukuta kwa ukuta, mama muuza uji, alikuwa akimfuta mdomo hata ulipokuwa mkavu. Akitaka kuinuka, watu wanne wanaruka. Ilikuwa mapenzi matupu. Mimi mwenyewe, baada ya miaka ya kulala katikati ya watu nisiowajua, nilikaa kwenye kona ya chumba kile nikiona wivu.

Na kulikuwa na kiti. Mafundi wenzake wa gereji walikuwa wamekitengeneza alipotoka hospitali. Walichukua kiti cha basi dogo lililokufa, wakakichomelea mabomba mawili marefu chini, mbele na nyuma pakatokeza mikono ya kushika, kisha wakakipulizia rangi ya bluu inayometameta, ileile ya magari ya matajiri. Siku za kwenda mazoezi ya viungo walikuja wanne, wakamkalisha, wakamfunga mkanda wa gari, wakamnyanyua mabegani na kupanda naye hadi lami. Zamani wazee wa nchi hii walibebwa hivyo milimani, kwenye machela ya kufuma, na kijiji kizima kilikuwa na zamu. Wale mafundi walijivunia zamu yao kuliko kazi yao. Mchomeleaji, mtu mnene mwenye sauti ya honi, ndiye aliyekuwa kiongozi wao.

"Muzehe, leo iko mwepesi! Hakula?"

"Rangi imetiririka hapa," kaka alisema kutoka juu, akipapasa mkono wa kiti kwa kidole kizima. "Nani kapuliza?"

"Ni mimi."

"Ndiyo maana nimeugua."

Walicheka njia nzima. Nami nilifuata nyuma na viatu vyake mkononi, maana hakuvihitaji.

Chumba cha mazoezi kilikuwa na vyuma viwili vya kushikilia, kioo kirefu, na ngazi za mbao zisizokwenda popote. Watu wazima wa Kigali kazi ile huiita kine, kwa Kifaransa chao cha zamani. Aliyetupokea alikuwa dada wa miaka thelathini hivi, wazazi wake walirudi kutoka Karagwe, Tanzania. Alipiga goti kidogo akasema, "Shikamoo mzee," na kaka, ambaye hakuwa amesikia shikamoo tangu Buyenzi, alikaa sawa kwenye kiti.

"Marahaba. Umelelewa weye."

Dada alimshika goti, akamwamuru asimame. Kaka alinyoosha mkono wa kushoto kunitafuta. Nikaruka.

"Kaa," dada aliniambia. "Mzee, vuta miguu nyuma. Inama mbele, pua ivuke vidole. Sasa sukuma sakafu."

Alisimama. Akitetemeka, akihema, lakini alisimama, na mguu wa kulia ulikuwa umekanyaga. Mafundi wanne mlangoni walipiga makofi. Dada akawauliza nyumbani mzee anapandaje ngazi.

"Ah, hapandi!" alisema mchomeleaji, kifua mbele. "Sisi iko hapa. Tunamubeba mpaka barabara, tunamurudisha. Hata siku moja hajakanyaga."

Yule dada alimaliza kazi yake kwanza. Kisha alinivuta kando, karibu na kioo. Alinieleza kwamba mguu haukufa, kilichopigwa ni kichwa kinachouamuru, na kichwa kinajifunza upya kwa kufanya, si kwa kutazama. "Kila wanapombeba wanauambia ule mguu kwamba hauna kazi. Na waambie wageni wasimvute mkono. Bega linatoka mahali pake, ndiyo maana halali usiku."

"Nitawaambiaje watu hawa wasimbebe?"

"Sijui," alisema. "Mimi ni wa mguu. Hilo la watu ni lako."

Nilianza na yale ya ndani, yaliyokuwa rahisi. Kuinuka na kuketi, kuinuka na kuketi, hadi jasho limtoke. Kusimama mbele ya meza na kuhamisha uzito kwenda kulia, mahali ambapo mwili wake wote ulikataa kwenda. Kwa mkono, dada aliagiza afute meza na kitambaa, kiganja kizima juu ya kigonjwa. Kaka alifuta siku mbili akachoka. "Mimi si mhudumu wa hoteli." Nikaenda gereji nikaomba mlango wa gari uliobonyea, nikauegemeza ukutani, nikampa msasa na maji. Hapo alikaa. Mkono wa kushoto uliushika wa kulia ukaupeleka juu, chini, kwa miduara, naye akiinamia kutazama mwanga kama anavyofanya fundi rangi. Siku moja nilirudi na maji nikakuta mkono wa kushoto umepumzika gotini, na wa kulia unasugua wenyewe, eneo la ukubwa wa sahani. Niliweka maji chini. Yeye aliendelea mpaka rangi ikaisha na bati likaonekana.

Wageni nao niliwafundisha kumsalimia mkono wa kushoto. Hilo liliwauma. Mzee mmoja wa kanisani alisimama muda mrefu akitazama mkono ule kana kwamba nimemwomba amtemee mate kaka.

Lakini kiti kilinishinda. Nilipomweleza mchomeleaji, alizima mashine yake, akavua miwani ya giza.

"Sha, rafiki, unataka sisi tusimame, muzehe anapanda peke yake? Watu watatuona. Watasema, wale wamemuchoka."

"Daktari ndiye aliyesema."

"Daktari haiishi Gatsata." Kisha akaongeza, na sauti ya honi ilikuwa imeshuka, "Wewe ulikuwa wapi siku alianguka? Ni mimi nilimubeba. Alinitapikia hapa." Akagusa bega.

Nikashuka ngazi kurudi nyumbani. Jumamosi mafundi walikuja kama kawaida, wakaweka kiti mlangoni. Kaka alikuwa amevaa viatu. Alikuwa amenilazimisha nimfungie kamba zake asubuhi ile, na sikujua kwa nini.

"Leo mtabeba kiti," aliwaambia. "Mimi natangulia."

"Kiti tupu?" mmoja aliuliza.

"Kiko na uzito wake. Nikishindwa, nitakaa. Nisiposhindwa, mtafanya mazoezi na ninyi. Mnene kama wewe presha inakuja."

Wale wengine walimcheka mchomeleaji, na kicheko hicho ndicho kilichotuokoa. Kaka alishika ukuta kwa mkono wa kushoto. Mguu mzima kwanza juu, kisha uzito, kisha mgonjwa unafuata, ukiburuta kidole. Hivyo ndivyo alivyofundishwa. Kupanda unatanguliza mzima, kushuka unatanguliza mgonjwa. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika mkanda wa suruali, na nyuma yangu wanaume wanne wamebeba kiti cha bluu kitupu, mabegani, kwa heshima yote, wakienda mwendo wa kinyonga. 

Katikati tulikutana na bibi mmoja anateremka na jerikani. Aliona kiti kitupu kwanza. Akaweka maji chini, akafanya ishara ya msalaba.

"Yoo! Mwihangane, poleni. Ametutoka lini?"

"Nani, mama?" kaka aliuliza, amejiegemeza ukutani akihema.

"Mgonjwa wenu wa kwenye kiti."

"Mgonjwa ni mimi."

Bibi akamtazama, akakitazama kiti. "Na hiki?"

"Hiki ndicho kinaumwa sasa. Tunakipeleka hospitali."

Mafundi walikiweka kiti chini kwa kucheka. Kaka hakufika barabarani siku ile, alikaa robo tatu ya njia, wakambeba palipobaki. Lakini kuanzia hapo zamu ikabadilika maana. Walibishana nani atabeba kiti kitupu kama walivyobishana nani atambeba yeye.

Kisha mvua zikakolea. Asubuhi moja kidole cha mguu wa kulia kilinasa kwenye ukingo wa tairi, akaanguka kwa goti kwenye matope. Nilikuwa nimeshika mkanda lakini sikuweza kumzuia. Walimnyanyua wakamkalisha kitini, naye hakukataa. Alifunika uso kwa mkono wa kushoto, na mabega yakawa yanatikisika, na watu wazima watano tulisimama mvuani tukitazama mfereji. Baada ya hapo hakutaka viatu. Wiki zikapita. Mlango wa gari ulikaa ukutani ukianza kutu. Binti yake alipiga simu akaulizia mvua, si ngazi, na kaka akamwambia mvua zinapungua.

Aliyemrudisha kwenye ngazi si mimi. Mkwe wake alipiga simu mwenyewe, kwa adabu nyingi, akasema wametenga chumba karibu na bafu na wamenunua kiti cha magurudumu. Kaka alimshukuru kwa maneno yote yanayopasa. Alipomaliza alinipa simu.

"Nifungie viatu," alisema.

Tulipanda kila siku, mvua ikiwepo na isipokuwepo, kaka mbele, mimi na mkanda. Alifika barabarani. Alifika tena. Mafundi waliacha kuja na kiti siku za kazi, wakawa wanapiga mluzi tu kutoka gereji wakiona kichwa chake kinachomoza. Nilimpigia dada wa mazoezi nikimjulisha kwa furaha, na siku ya miadi akaomba atuone kwenye ngazi zake za mbao. Kaka alipanda. Dada alitazama mkono wangu.

"Mwachie."

Niliachia. Kaka alisimama hapo hapo kama gari lililoishiwa mafuta.

"Analala kwenye mkono wako," dada alisema. "Angalia, uzito wote uko nyuma. Anajua upo." Kisha akaniuliza bila ubaya, "Wewe unaondoka lini?"

Swali hilo nimeulizwa maisha yangu yote na wenye nyumba, wakubwa wa kazi, wanawake wawili. Siku zote nilikuwa na jibu. Siku ile sikuwa nalo. Nilikuwa nimeanza kujua saa ambayo jua linaingia kupitia mlango wa kaka, na mama muuza uji alikuwa ameacha kuniuliza jina la baba yangu. Nilikuwa nataka kubaki. Niliutaka ule mkanda mkononi mwangu.

Nyumbani nilijaribu kumwachia. Nilikuwa nikiahidi, kisha akiyumba kidogo tu vidole vyangu vinakwenda vyenyewe. Ndipo kaka aliposema, tukiwa tumekaa mlangoni tukimenya ndizi za kupika, yeye akizishikilia kwa mkono wa kulia na kumenya kwa wa kushoto.

"Mdogo wangu, siku lile gari linakuja, litarudi na mtu. Sitaki liniondoe mimi. Liondoke na weye."

"Nani atakupikia?"

"Mama wa uji anapika. Nitamlipa. Ukiwepo weye, mimi ni mgonjwa wako."

"Na ukianguka?"

"Nitaanguka," alisema. "Weye hujawahi kuanguka huko unakozunguka?"

Gari lilikuja siku ya kazi, asubuhi, anga jeupe, vumbi limeanza tena. Nilitangulia na shuka langu limefungwa, nikamkuta binti yake amesimama pembeni ya barabara, injini ikinguruma. Mafundi walikuwa ndani ya gereji, kelele za nyundo zinasikika. Tulisimama juu tukitazama chini.

Kaka alitoka mlangoni. Akafunga mlango, jambo lililochukua muda wake. Akashika ukuta.

"Baba mdogo, nenda umshike," binti alisema.

"Hapana."

"Basi niachie nipite." Nilimzuia kwa bega. Alinipiga kifuani, mtoto wa ndugu yangu, akilia. "Niachie! Ataanguka, niachie!"

"Usimguse. Mwite tu."

Hakumwita. Aliziba mdomo kwa kanga ya mtoto. Kaka alipanda, mguu mzima, uzito, mguu mgonjwa. Penye tairi alisimama muda mrefu, akaunyanyua mguu wa kulia kwa kuuvuta kutoka kiunoni, ukavuka. Alipofika juu shati lilikuwa limeganda mgongoni. Alimsalimia binti yake kwa mkono wa kulia. Mkono ulifika karibu na kifua chake tu, binti akaufuata hapo kwa mikono miwili.

"Nimekuja kukusalimia," alisema. "Mwambie mume wako namshukuru kwa kile chumba. Ampe baba yako mdogo alale leo, kesho atajua mwenyewe aendako. Huwa anajua."

Mimi nilinyoosha mkono, na yeye akanivuta begani kwa ule mzima, akanishikilia mpaka pumzi yake ikatulia. Tulijua sote wawili kwamba sitarudi kukaa pale tena, na kwamba nikirudi nitakuwa mgeni wa kuletewa kiti na kusindikizwa.

"Basi, ingia garini," alisema. "Barabara ya mpaka wa Gatuna ina foleni ya malori."

Niliingia. Binti aliuliza kama tungoje hadi afike chini, kwa sababu kushuka ni kugumu kuliko kupanda, mtu anaona anakoangukia. Kaka alikuwa ameshatupa mgongo. Alishika ukuta, akautanguliza mguu mgonjwa, ukawa unapapasa hewani ukitafuta ngazi ya kwanza.

"Twende," nilimwambia.

Kwenye kona nilitazama nyuma. Kutoka barabarani ngazi hazionekani, wala nyumba. Niliona kichwa chake tu kikiteremka, kidogo, kikasimama, kikateremka tena, kisha lori likapita katikati yetu.